Miraba 66 ya matone: shajara ya mradi wa kutabiri mimenyuko ya kubadilishana ioni, Kigoma

Wiki ya 1: lengo

Mradi unatengeneza vitu viwili kwa ajili ya kidato cha tatu: seti ya chupa 12 za mimumunyo ya kutumia kwa matone, na karatasi ya utabiri ambayo mwanafunzi huijaza kabla hajagusa chupa. Mada ni ile ya chumvi mbili kubadilishana wenza, AB na CD kuwa AD na CB. Darasani huonekana rahisi kwa sababu kuhamisha herufi hakudai kujua kemia yoyote, na hapo ndipo inapoharibika.

Chukua potasiamu nitrati na sodiamu kloridi. Mwanafunzi ataandika KNO₃ + NaCl → KCl + NaNO₃, atahesabu atomu pande zote mbili, atapata vema. Ndani ya bika hakuna kilichotokea. Ioni nne (chembe zenye chaji ya umeme) zilizoingia, K⁺, NO₃⁻, Na⁺ na Cl⁻, zipo zote na zinaogelea kama mwanzo. Mlinganyo umesawazishwa, mmenyuko haupo.

Kwa hiyo karatasi yetu itauliza swali moja kabla ya kuruhusu mlinganyo: je, kuna kinachotoka kwenye mmumunyo? Njia za kutoka ni tatu. Ioni mbili zinaweza kushikana zikawa mashapo, yaani kitu kigumu kisichoyeyuka kinachotua chini, zinaweza kuzaa gesi ikapanda, au H⁺ na OH⁻ zikaungana kuwa maji. Kama hakuna hata moja, jibu ni "hakuna mmenyuko", na jibu hilo lina alama kamili.

Masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, ila mabishano ya mezani hufanyika kwa Kiswahili. Karatasi itakuwa ya Kiswahili, na kemikali zitabaki na fomula zake.

Mimumunyo iliyochaguliwa: AgNO₃ (silva nitrati), Pb(NO₃)₂ (nitrati ya ledi, yaani risasi), BaCl₂ (bariamu kloridi), CaCl₂ (kalsiamu kloridi), CuSO₄ (salfeti ya shaba), FeCl₃ (kloridi ya chuma), MgSO₄ (magnesiamu salfeti), NaCl (chumvi ya kawaida), Na₂CO₃ (sodiamu kaboneti), NaOH (sodiamu haidroksidi), KI (potasiamu iodidi) na HCl (asidi haidrokloriki). Vitu 12 vikikutanishwa viwili viwili vinatoa jozi 12 × 11 ÷ 2 = 66. Tone moja la dropa ya kawaida ni kama mililita 0.05. Kwa matone mawili katika kila jozi, kikundi kimoja kinatumia matone 22 ya kila chupa, yaani mililita 1.1. Kwenye testityubu, kwa mililita 2 kila mara, kikundi hicho hicho kingetumia mililita 22. Tofauti ni mara 20, na kwa bei ya silva nitrati tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama praktiko ifanyike au isomwe ubaoni.

Wiki ya 1, mwisho: kupima

Kila mmumunyo ni mililita 100. Ukolezi, yaani kiasi cha kemikali katika kila lita, ni moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), isipokuwa AgNO₃ na HCl. Gramu zilizopimwa:

Pb(NO₃)₂ 3.31, BaCl₂·2H₂O 2.44, CaCl₂·2H₂O 1.47, CuSO₄·5H₂O 2.50, FeCl₃·6H₂O 2.70, MgSO₄·7H₂O 2.46, NaCl 0.58; Na₂CO₃ kavu 1.06, NaOH 0.40, KI 1.66.

AgNO₃ ni moli 0.02 kwa lita, gramu 0.34 tu. HCl ni moli 1 kwa lita: mililita 8.6 za asidi kali ya asilimia 36, zikimiminwa ndani ya maji na si kinyume chake.

Soma maji ya fuwele (yale yaliyofungwa ndani ya fuwele, kama ·2H₂O) kwenye lebo kabla ya kushika mizani. Sodiamu kaboneti yenye 10H₂O inahitaji gramu 2.86, si 1.06, anayepima 1.06 ya hiyo anapata mmumunyo wa karibu theluthi ya ukolezi uliotakiwa, na mashapo hafifu yatakayomsumbua baadaye bila kujua chanzo. FeCl₃ ilitiwa matone matatu ya HCl ili isitengeneze takataka ya kahawia chupani, na Pb(NO₃)₂ ikatiwa tone moja la asidi nitriki.

Wiki ya 2: maji

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na si bure.

Maji ya bomba mjini Kigoma asili yake ni ziwa. Maji ya Tanganyika ni ya kibesi, pH yake ikikaribia 9, yana baikaboneti nyingi, yana kloridi, na magnesiamu yake ni nyingi kuliko kalsiamu. Mililita 5 za maji hayo zikipewa matone mawili ya AgNO₃ zinapata ukungu papo hapo. Zikipewa BaCl₂ zinapata ukungu pia. Ukitengeneza silva nitrati kwa maji haya, chupa inakuwa maziwa kabla ya praktiko kuanza, na sehemu ya silva uliyolipia imekwisha kutua chini.

Maji ya mvua yalifaa, kwa masharti. Yanayopita kwenye bati huja na vumbi, na bati jipya la madini ya zinki huongeza zinki kidogo. Beseni la plastiki liliwekwa uwanjani wazi, maji ya dakika kumi za mwanzo yakamwagwa, yaliyofuata yakachujwa kwa karatasi. Kipimo cha kuyakubali: mililita 5 na matone mawili ya AgNO₃, halafu nyingine na matone mawili ya BaCl₂, zitazamwe juu ya karatasi nyeusi baada ya dakika tano. Zote zikiwa angavu, maji yanafaa. Lita tatu zilitosha seti nzima pamoja na kusuuza.

Maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri yanafaa pia, lakini jina "maji ya betri" dukani linabeba vitu viwili: maji ya kuongezea, na asidi salfuriki ya kujazia betri mpya. Chupa hufanana. Karatasi ya litmasi ya bluu kwanza. Ikigeuka nyekundu kabisa, hiyo ni asidi, irudishwe.

Wiki ya 3: chupa, plastiki, miraba

Chupa za dawa ya macho zilizokwisha ndizo dropa bora na hazina gharama. Kasoro yake ni moja: dawa nyingi za macho hutengenezwa na maji ya chumvi. Chupa iliyosuuzwa mara mbili bado ilitia ukungu AgNO₃. Ziloweke usiku kucha kwenye maji ya mvua, kisha suuza mara tano, ncha ikiwemo. Chupa ya AgNO₃ ifungwe karatasi ya alumini, maana mwanga huigeuza kijivu; na tone lake likigusa kidole, doa jeusi linakaa siku kadhaa.

Ukubwa wa tone ulihakikiwa kwa bomba la sindano la mililita 2 lisilo na sindano: matone yalihesabiwa mpaka kufika mililita 1. Chupa zilizotoa kati ya 18 na 22 zilikubaliwa. Iliyotoa 30 ilipewa NaCl, ambayo tofauti hiyo haiiumizi.

Miraba imepangwa ngazi ngazi kwenye A4, safu 11, kila mraba sentimita 1.7, umegawanywa kwa mshazari nusu nyeusi na nusu nyeupe. AgCl na BaSO₄ huonekana upande mweusi. PbI₂ na shaba huonekana upande mweupe. Karatasi inawekwa chini ya plastiki angavu ya faili, na matone hudondoshwa juu ya plastiki. Ncha ya dropa isiguse tone la mwenzake. Chupa ya BaCl₂ ikishaguswa na tone la MgSO₄, inaanza kuwa na ukungu ndani, na kuanzia hapo kila kikundi kinachofuata kinapokea mmumunyo mbovu.

Wiki ya 4: jaribio la kwanza la miraba yote

Matone mawili kwa mawili, miraba 66, dakika 50 kwa watu wawili. Kabla ya hapo utabiri uliandikwa kwa kanuni zifuatazo, kwa mpangilio huu, na mpangilio una maana kwa sababu ya kwanza inapokubali hakuna haja ya kusoma ya pili:

Chumvi zote za nitrati, sodiamu, potasiamu na amoniamu huyeyuka. Kloridi na iodidi huyeyuka, ila za silva na ledi hutua. Salfeti huyeyuka, ila ya bariamu na ya ledi hutua, na ya kalsiamu husitasita. Kaboneti na haidroksidi hutua, ila zile za kundi la kwanza (kama sodiamu na potasiamu). Haidroksidi ya bariamu huyeyuka vizuri, ya kalsiamu kidogo.

Hesabu ya utabiri: jozi 28 mashapo, jozi 1 gesi tupu (Na₂CO₃ na HCl), jozi 1 maji tu (NaOH na HCl, haionekani kwa macho), jozi 3 za kalsiamu zenye shaka, jozi 2 za KI ambazo si za mada hii kabisa. Zilizobaki 31 hazina kitu. Karibu nusu ya karatasi ni "hakuna mmenyuko". Daftari la mazoezi lenye milinganyo 20, yote ikiwa na mashapo, linamfundisha mwanafunzi kwamba vitu vikichanganywa lazima kitu kitokee. Miraba mitupu 31 inasahihisha hilo bila hotuba.

Ledi nitrati ndiyo iliyojibu kuliko zote: mashapo na kila chupa isipokuwa silva nitrati, ambayo ni nitrati mwenzake. NaCl haikujibu chochote ila silva na ledi.

Wiki ya 5: miraba iliyokataa

Si kila mraba ulitii utabiri. Kila uliokataa ulifuatiliwa peke yake.

*Na₂CO₃ na HCl bila mapovu.* Hii ilikuwa kabla ya HCl kuongezwa nguvu. Chupa ya kwanza ilikuwa ya moli 0.1. Kwa idadi sawa ya moli, H⁺ moja inaishia kwenye CO₃²⁻ na kuigeuza HCO₃⁻, basi. Gesi haitoki mpaka ije H⁺ ya pili. Kwa HCl ya moli 1 mapovu yanatoka mara moja. Kosa lilikuwa kwenye ukolezi; mlinganyo Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂↑ ulishasema 2.

*CuSO₄ na NaOH ikatoa kijani hafifu badala ya bluu.* Sababu ni ile ile. Cu²⁺ moja inadai OH⁻ mbili. Kwa matone sawa inapata moja, na kinachotua ni salfeti ya kibesi ya shaba, yenye kijani-bluu iliyofifia. Kwa matone 2 ya CuSO₄ na 4 ya NaOH inakuja bluu ya Cu(OH)₂ inayotarajiwa.

*FeCl₃ na NaOH ikawa chai ya rangi, haikutua.* Hapa zinadaiwa OH⁻ tatu, pamoja na ile asidi tuliyoitia wenyewe chupani. Matone 2 kwa 7 yalimaliza kazi. Kuanzia hapa karatasi ina safu ya "matone kwa chaji": ioni yenye chaji 2+ ipewe NaOH maradufu, ya 3+ ipewe mara tatu na tone moja la ziada.

*Pb(NO₃)₂ na NaCl.* Kwa moli 0.1 mashapo meupe yalikuja, taratibu. Chupa zote mbili zilipozimuliwa kwa maji zikawa moli 0.05, mraba ukabaki angavu. Hesabu inaeleza: kizio cha umumunyikaji cha PbCl₂ (kikomo cha zao la ukolezi wa ioni zake, likikipita mashapo hutua) ni kama 1.7 × 10⁻⁵. Mimumunyo miwili ya 0.1 ikikutana kwa ujazo sawa, kila ioni inakuwa 0.05, na 0.05 × 0.05² ni 1.25 × 10⁻⁴, zaidi ya kizio. Ya 0.05 inakuwa 0.025, na zao linashuka hadi 1.6 × 10⁻⁵, chini kidogo tu ya kizio. Kanuni inayosema "ledi kloridi hutua" ni kweli kwa ukolezi fulani. Asiyetaja ukolezi anamtega mwanafunzi.

*CaCl₂ na MgSO₄, CaCl₂ na CuSO₄.* Kinachotarajiwa ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu yenye maji ya fuwele. Huyeyuka kiasi cha gramu 0.24 kwa mililita 100, na haiharakishi kutua. Tone linaweza kukaa dakika kadhaa likiwa angavu, kisha sindano ndogo zinaonekana pembeni linapoanza kukauka. Kwenye karatasi jozi hizi zimewekewa alama ya mshangao, na maelezo: "tazama tena baada ya dakika kumi".

*BaCl₂ na NaOH ikatoa ukungu ilhali Ba(OH)₂ huyeyuka.* NaOH ilikuwa na wiki tatu kwenye chupa iliyofunguliwa mara kwa mara. Imevuta kaboni dayoksaidi hewani na sehemu yake imekuwa kaboneti. Ukungu ni BaCO₃. Jozi hii tumeifanya kipimo cha chupa: ikitia ukungu, NaOH imezeeka, imwagwe itengenezwe nyingine.

AgNO₃ na salfeti hazikutoa kitu, na hiyo ni kwa kupanga. Silva salfeti ina kizio cha 1.2 × 10⁻⁵; kwa silva ya moli 0.02 zao halifiki hapo. Kwa moli 0.1 lingefika, na mwanafunzi angechanganya mashapo hayo na kloridi.

Wiki ya 6

Maabara ilikuwa na mitihani. Chupa zilikaguliwa tu: utando mweupe kwenye kifuniko cha NaOH, mengine sawa.

Wiki ya 7: jozi zinazodanganya

Hizi ni zile ambazo kubadilishana wenza kunatoa jibu zuri kwenye karatasi na jibu la uongo mezani.

AgNO₃ na NaOH: mwenza mpya ni AgOH, lakini kinachoonekana ni kahawia iliyoiva. AgOH haidumu, inajigawa kuwa Ag₂O na maji: 2AgNO₃ + 2NaOH → Ag₂O↓ + 2NaNO₃ + H₂O.

FeCl₃ na Na₂CO₃: kwa herufi unapata Fe₂(CO₃)₃. Kitu hicho hakitengenezeki majini. Chuma cha 3+ kinatia maji asidi kiasi kwamba kaboneti inatoa gesi, na kinachobaki ni haidroksidi ya kahawia: 2FeCl₃ + 3Na₂CO₃ + 3H₂O → 2Fe(OH)₃↓ + 6NaCl + 3CO₂↑. Mapovu na mashapo kwenye tone moja. Wanafunzi huupenda mraba huu. CuSO₄ na Na₂CO₃ ina tabia ya karibu na hiyo: mashapo ya kijani-bluu ni mchanganyiko wa kaboneti na haidroksidi. Kwa kidato cha tatu tumekubali CuCO₃ kama jibu, kwa nyota.

KI na CuSO₄: hakuna CuI₂. Rangi ya kahawia ni iodini, na chini yake kuna mashapo meupe ya CuI: 2CuSO₄ + 4KI → 2CuI↓ + I₂ + 2K₂SO₄. KI na FeCl₃ nayo hutoa iodini. Hapa elektroni zimehama, ioni zimebadilika chaji, na kanuni zetu hazihusiki. Kipimo chepesi: tone la uji mwembamba wa wanga, likigeuka bluu-nyeusi kuna iodini. Palikuwa na hoja ya kuiondoa KI ili karatasi isiwe na jozi hizi. Imebaki, kwa sababu bila yake hakuna PbI₂ ya njano, na kwa sababu mwanafunzi anapaswa kujua mada yake inaishia wapi.

Wiki ya 8: karatasi, rasimu ya tatu

Rasimu ya kwanza ilianza na mlinganyo. Kosa lililojirudia kuliko yote ni kuhamisha namba ndogo pamoja na ioni: BaCl₂ + Na₂SO₄ → BaSO₄ + Na₂Cl₂. Ile 2 ya BaCl₂ ipo kwa sababu ya chaji ya bariamu. Bariamu ikiondoka, sababu imeondoka.

Rasimu ya tatu inakwenda hivi. Safu ya kwanza: andika ioni nne na chaji zake, kila moja mara moja, bila namba ndogo: Ba²⁺, Cl⁻, Na⁺, SO₄²⁻. Safu ya pili: kutanisha chanya ya huku na hasi ya kule, pata wenza wawili wapya, na hapo tu ndipo upange namba ndogo kwa kulinganisha chaji upya: BaSO₄, NaCl. Safu ya tatu: kinatoka nini? Zungushia moja kati ya mashapo, gesi, maji, hakuna. Aliyezungushia "hakuna" anaruka safu ya nne. Safu ya nne ni mlinganyo uliosawazishwa, wenye mshale wa chini kwa mashapo na wa juu kwa gesi. Safu ya tano ni mlinganyo wa ioni peke yake, Ba²⁺ + SO₄²⁻ → BaSO₄↓, ioni watazamaji (zisizoshiriki, zilizobaki kwenye mmumunyo) zikiwa zimefutwa. Ya sita inajazwa baada ya matone: nilichoona.

Ioni za kundi, SO₄²⁻, CO₃²⁻, NO₃⁻, zimechapwa ndani ya kisanduku ili zihame nzima. Bila kisanduku, wapo waliozigawa wakaandika salfa peke yake.

Wiki ya 9: vitu vya sokoni

Shule isiyo na chupa zote inaweza kupata baadhi mtaani. Majaribio mafupi.

Mrututu wa duka la pembejeo unafaa kama CuSO₄, mradi uyeyuke wote ukawa bluu angavu. Unga wa bluu au wa kijani usioyeyuka ni dawa nyingine ya shaba, haufai hapa. Wakulima wa kahawa kule Kalinzi wanaochanganya mrututu na chokaa wanafanya mmenyuko wa karatasi hii hii: CuSO₄ + Ca(OH)₂ → Cu(OH)₂↓ + CaSO₄.

Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, pamoja na chumvi na udongo kidogo. Yakikaangwa kwenye sufuria kavu nusu saa, yakikorogwa, baikaboneti inageuka kaboneti na uzito hupungua kama asilimia 30. Lakini kloridi haiondoki kwa moto, na AgNO₃ itaionyesha. Yanafaa kwa jozi za HCl, shaba na chuma. Kwa silva hapana.

Chumvi ya Uvinza, inayotengenezwa kutoka kwenye chemchemi za chumvi tangu karne nyingi kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, inafaa kwa NaCl. Ipimwe kwanza kwa BaCl₂ na tone la HCl: ukungu usioyeyuka kwenye asidi ni salfeti. Kwa miraba ya silva haileti shida. Kwenye mraba wa NaCl na BaCl₂, ambao lazima uwe mtupu, itadanganya.

Sabuni ya mawese imeingia kwa mlango wa nyuma. Plastiki zilizooshwa kwa sabuni na kusuuzwa haraka zilitoa utando mweupe kwenye miraba ya kalsiamu na magnesiamu iliyopaswa kuwa mitupu. Sabuni ni chumvi ya sodiamu ya asidi za mafuta. Ikikutana na Ca²⁺ au Mg²⁺ inabadilishana wenza na kutua kama yale mabaki yanayoganda kwenye beseni la kufulia. Plastiki sasa zinafutwa kwa kitambaa chenye siki, kisha maji ya mvua mara mbili. Na tone la maji ya sabuni limeongezwa kama mraba wa 67, wa hiari.

Wiki ya 10: majaribio mawili makubwa ya meza ya mbele

PbI₂ ya kuyeyuka na kurudi. Mililita 5 za Pb(NO₃)₂ ya moli 0.01, mililita 5 za KI ya moli 0.02, tone la siki. Njano inatua. Ipashwe mpaka karibu kuchemka, inapotea yote. Ikiachwa ipoe polepole, vipande vya dhahabu vinashuka. Anayetumia chupa za seti za moli 0.1 bila kuzimua atachemsha mpaka achoke: kwenye nyuzi 100 maji hubeba kama gramu 0.4 tu za PbI₂ kwa mililita 100, na yeye ametengeneza zaidi ya 1.

BaSO₄ kwa mizani. Mililita 50 za BaCl₂ na 50 za MgSO₄, zote moli 0.1, zinapaswa kutoa moli 0.005, gramu 1.17. Mara ya kwanza kichujio kilipitisha maziwa na uzito ukawa pungufu: chembe za BaSO₄ iliyotua baridi ni ndogo kuliko matundu ya karatasi. Mara ya pili mmumunyo ulipashwa karibu na kuchemka, salfeti ikamiminwa kidogo kidogo, ukaachwa kwenye joto dakika 15 chembe zikue. Kilichochujwa kilikuwa angavu. Uzito ukizidi 1.17, mashapo hayajakauka au hayakusuuzwa.

Taka

Kikundi kimoja hutumia takriban miligramu 23 za ledi, vikundi 10 miligramu 230. Ni kidogo, lakini mfereji wa maabara unateremka ziwani. Plastiki zinafutwa kwa karatasi ya chooni, karatasi zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa SUMU: RISASI, BARIAMU. Masalia ya chupa yanatiwa Na₂CO₃ mpaka hakuna kinachotua tena, yanaachwa siku mbili, maji ya juu yanajaribiwa kwa tone la KI: yasipotoa njano yanamwagwa, mashapo yanabaki ndooni. Silva inakusanywa peke yake kama AgCl kwenye chupa nyeusi. Glavu kwa wote. BaCl₂ ni sumu ikimezwa, hivyo hakuna karanga wala maji ya kunywa mezani.

Hali ya sasa

Seti mbili zimekamilika, ya tatu inasubiri chupa tano za dawa ya macho. NaOH itengenezwe upya siku moja kabla ya kila praktiko. FeCl₃ ikianza kuonyesha kahawia chini, iongezwe tone la HCl na kutikiswa. Isiporudi angavu, imwagwe. Karatasi ya rasimu ya tatu inachapwa pande mbili: miraba mbele, kanuni nne nyuma, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ukolezi wa kila chupa.